Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam: Ndege Inatumia Saa Ngapi?

Siku hizi neno "ndege" si neno la watu wa mjini tu. Hapa Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo wapo wafanyabiashara wanaokwenda Dar es Salaam kwa ndege na kurudi wiki hiyo hiyo. Wapo wazee ambao watoto wao walio kazini huwatumia tiketi kwa simu. Wapo wagonjwa wanaopewa tarehe ya kuonana na daktari bingwa Muhimbili, na ndugu wakachanga fedha ili mgonjwa asikae ndani ya basi siku nzima.

Katika madarasa ya kisomo tumesikia swali moja likirudi mara nyingi. Watu huuliza: "Eti ni kweli kwa ndege ni saa moja tu?" Jibu letu ni ndiyo na hapana. Ndege yenyewe angani hutumia saa moja na kitu. Lakini mtu anayetoka Tunduma hafiki Dar es Salaam kwa saa moja. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuachwa na ndege, na fedha yake ikapotea. Basi tuifanye hesabu hiyo pamoja, pole pole, kwa namba tulizojifunza darasani.

Kwanza tukijue kiwanja

Kiwanja kinachotuhusu ni Kiwanja cha Ndege cha Songwe. Kilianza kutumika mwaka 2012, kikachukua nafasi ya kiwanja cha zamani kilichoko ndani ya mji wa Mbeya. Kile cha zamani kilikuwa kifupi, kimebanwa na nyumba, na ndege kubwa hazikuweza kutua.

Hapa pana mtego wa jina. Kiwanja kinaitwa Songwe, na sisi tunaishi Mkoa wa Songwe, lakini kiwanja hakimo katika mkoa wetu. Kimo Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu ya TANZAM, kabla hujafika Mbalizi ukiwa unatoka huku kwetu. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, miaka minne baada ya kiwanja kufunguliwa. Ulimegwa kutoka Mbeya ukapewa jina la mto. Na mito yenyewe yenye jina hilo ni miwili! Mmoja unakwenda Ziwa Rukwa, mwingine unakwenda Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi. Aidha, ndani ya mkoa wetu ipo Wilaya ya Songwe, makao yake Mkwajuni. Kwa hiyo ukimwambia mgeni "nipokee Songwe", muulize ameelewa Songwe ipi.

Tena kwenye tiketi hutaona neno Songwe kila mara. Mara nyingi imeandikwa Mbeya. Usishtuke ukadhani umeuziwa tiketi ya mahali pengine. Ndege ya abiria ya Mbeya hutua Songwe. Ila uwe mwangalifu na neno Songea. Songea iko Ruvuma, nayo ina kiwanja chake. Mtu anayekukatia tiketi kwa haraka kwenye simu anaweza kubonyeza Songea badala ya Songwe, maana herufi zinafanana. Soma jina la mahali herufi kwa herufi kabla hujalipa.

Njia ya ndege ni fupi kuliko njia ya basi

Kutoka Kiwanja cha Songwe hadi Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kilomita 690 hivi ukipima kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kutoka hapo hapo Songwe hadi Dar es Salaam ni kilomita 850 hivi. Kilomita zote hizo 160 zimekwenda wapi?

Jibu liko kwenye ramani. Kama darasa lenu lina ramani ya Tanzania, itazameni. Barabara inatoka Mbeya, inapita Makambako na Mafinga, inafika Iringa. Halafu inateremka milima ya Kitonga, inapita Mikumi, inapanda kaskazini hadi Morogoro, ndipo inageuka kwenda Chalinze na Dar es Salaam. Barabara inafuata miji na mabonde. Inaukwepa mlima, inautafuta mto mahali pa kujenga daraja. Ndege haina haja ya kwenda Morogoro. Ukiweka rula kutoka Songwe hadi Dar es Salaam utaona mstari unapita juu ya mbuga za Usangu, unapita karibu na Mafinga, unavuka milima ya Udzungwa, unaiacha Mikumi upande wa kaskazini, na Morogoro unaiacha mbali zaidi.

Hebu jaribuni na uzi. Chukueni ramani ambayo sentimita 1 ni sawa na kilomita 20. Nyosheni uzi kutoka Songwe hadi Dar es Salaam, kisha upimeni kwa rula. Mtapata sentimita 34 na nusu hivi. Zidisheni kwa 20, jibu ni 690. Sasa lazeni uzi juu ya barabara, mfuate kila kona. Uzi utakuwa mrefu zaidi kwa sentimita kadhaa. Hautafikisha kilomita 850 kamili, kwa sababu kona ndogo ndogo kama zile za Kitonga hazionekani kwenye ramani. Dereva wa lori anazijua zote.

Ni vizuri kusema pia kwamba rubani hapiti juu ya mstari wa rula moja kwa moja. Angani kuna njia zilizopangwa, na waongozaji wa ndege walioko chini humwambia rubani apite wapi na kwa kimo gani, ili ndege zisikutane. Kukiwa na wingu kubwa la radi, rubani hulizunguka. Kwa hiyo kilomita zake halisi huzidi 690 kidogo.

Mwendo na muda

Hesabu ya safari yoyote ni moja: gawa umbali kwa mwendo, utapata muda. Mtu wa baiskeli anaijua hata kama hajaiandika.

Kampuni yetu ya taifa, Air Tanzania, ina ndege za aina mbalimbali. Mwaka 2016 zililetwa ndege mbili za mapanga, zile watu walizozipa jina la "pangaboi". Kila moja inabeba abiria 76. Mwaka 2018 ikaletwa ndege ya jeti ya aina ya Airbus A220, yenye viti 132. Jina pangaboi lilitumika kwa kejeli, eti ndege ya mapanga ni ya kizamani. Sivyo. Kwa safari fupi ndege ya mapanga hula mafuta kidogo, na huweza kutua kwenye viwanja vifupi ambavyo jeti haiwezi.

Ndege ya mapanga ya aina ile, ikishatulia angani, huenda kilomita 660 kwa saa. Gawa 690 kwa 660. Jibu ni saa 1 na dakika 3 hivi. Jeti huenda kama kilomita 830 kwa saa. Gawa 690 kwa 830. Jibu ni dakika 50.

Mbona basi tiketi husema saa moja na robo, au saa moja na nusu? Ni kwa sababu ndege haiendi kwa mwendo ule tangu mwanzo hadi mwisho. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, na huisha inapoegeshwa tena kule iendako. Katikati ya hapo ndege hutembea chini pole pole kama trekta hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Inangoja ruhusa. Inaruka na kupanda, na wakati wa kupanda mwendo wake bado mdogo. Ikikaribia Dar es Salaam inapunguza mwendo, inateremka, na huenda ikaambiwa izunguke kwanza, maana kiwanja kile kina ndege nyingi. Upepo nao una kazi yake. Ukiisukuma ndege kwa nyuma, safari inafupika kwa dakika kadhaa. Ukiikabili uso kwa uso, inarefuka. Ndiyo maana kwenda na kurudi huweza kupishana dakika.

Tukumbuke tu hivi: kwa jeti, saa moja na robo hivi. Kwa ndege ya mapanga, saa moja na nusu hivi.

Kuna jambo jingine ambalo fundi yeyote wa baiskeli atalipenda. Songwe iko juu, mita 1,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Dar es Salaam iko karibu na bahari kabisa. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua likiwa kali huzidi kuwa nyepesi. Bawa la ndege hushikwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege inabidi ikimbie mbali zaidi chini kabla ya kuinuka. Kwa sababu hiyo kiwanja cha Songwe kilijengewa njia ndefu, ya zaidi ya kilomita 3. Ukiona ndege inakimbia muda mrefu kabla ya kuruka, usiogope. Inajikusanyia nguvu.

Saa ya tiketi si saa yetu

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi huumia. Tiketi huandikwa kwa saa 24, tena kwa hesabu ya kizungu. Haisemi "saa moja asubuhi". Inasema 07:00. Msomaji mpya anaiona 7, anasema saa saba mchana. Anafika saa tano akiwa na furaha yake, kumbe ndege iliondoka alfajiri ile akiwa bado anakunywa chai.

Fuata njia hii. Kama namba ya saa ni kuanzia 07 hadi 18, toa 6. Kwa mfano 07:20: saba toa sita ni moja, basi ni saa 1 na dakika 20 asubuhi. 13:40: kumi na tatu toa sita ni saba, basi ni saa 7 na dakika 40 mchana. 18:00 ni saa 12 jioni.

Kama namba ni kuanzia 19 hadi 23, toa 18. 20:15 ni saa 2 na robo usiku.

Kama namba ni kuanzia 00 hadi 06, jumlisha 6. 05:30 ni saa 11 na nusu alfajiri. 00:30 ni saa 6 na nusu usiku. Hii ya usiku wa manane ina hila yake. Tiketi hubadili tarehe saa 6 usiku. Tiketi iliyoandikwa tarehe 10, saa 00:30, maana yake ni ule usiku unaoanza jioni ya tarehe 9. Ukingoja jioni ya tarehe 10 umechelewa siku nzima. Kwa safari ya Songwe huenda jambo hili lisikukute, lakini anayeunganisha ndege Dar es Salaam kwenda nchi za nje ataliona.

Kwetu sisi wa Tunduma kuna hatari ya pili, ambayo mtu wa Iringa haijui. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Hapa ikiwa saa 2 asubuhi, Nakonde ni saa 1. Mtaa na mtaa, uzio na uzio, saa mbili tofauti! Wafanyabiashara wa mpakani wamezoea, hata huulizana "saa ya kwetu au ya kwao?" Lakini simu haiulizi. Simu nyingi hujirekebisha saa zenyewe kwa kufuata mtandao. Ukilala karibu na mpaka, simu yako ikadaka mtandao wa Zambia usiku, asubuhi itakuonyesha saa moja pungufu. Utaamka ukidhani bado una saa nzima ya kujiandaa, kumbe huna.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya siku ya safari, ingia kwenye mipangilio ya simu, mahali pa tarehe na saa, uzime ile sehemu ya kujirekebisha yenyewe. Kisha iweke saa kwa mkono. Kama hujui, mwambie kijana akuonyeshe. Na asubuhi ya safari sikiliza redio. Taarifa ya habari ya redio ya kwetu haiwezi kukutajia saa ya Zambia.

Hesabu ianzie mlangoni kwako

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Tunduma ana tarehe ya kliniki katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Mwanawe amemkatia tiketi ya ndege. Tiketi inasema inaondoka 13:40 na kufika 15:05. Tumezitunga saa hizi kwa ajili ya hesabu tu. Ratiba hubadilika, na yako utaisoma kwenye tiketi yako.

13:40 ni saa 7 na dakika 40 mchana. Mama anatakiwa awe kiwanjani saa mbili kabla. Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu tiketi hukaguliwa, kitambulisho hutazamwa, mizigo hupimwa na kupitishwa kwenye mashine, naye mwenyewe hukaguliwa. Na dawati la kupokea abiria hufungwa kabla ndege haijaondoka. Likishafungwa halifunguliwi, hata kama unaiona ndege kwa macho yako. Ndege si Hiace, haisimamishwi kwa mkono. Kwa hiyo mama awe pale saa 5 na dakika 40 asubuhi.

Kutoka Tunduma hadi Kiwanja cha Songwe ni kilomita 80 hivi. Kwa gari dogo lisilosimama ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa gari la abiria linaloshusha na kupakia Mpemba, Vwawa na Mlowo, hesabu saa mbili. Lakini sote tunaijua barabara yetu. Malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019, kazi za mpakani zimerahisishwa, lakini foleni hazijatuaga. Lori moja likiharibika kwenye mlima Senjele, wote mnasimama. Basi ongeza saa moja ya tahadhari. Saa mbili na moja ni saa tatu. Saa 5 na dakika 40 toa saa tatu, inabaki saa 2 na dakika 40 asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya mama kutoka mlangoni.

Ndege inafika Dar es Salaam 15:05, yaani saa 9 na dakika 5 alasiri. Kungojea mzigo ni nusu saa. Kutoka kiwanjani hadi Muhimbili ni kilomita kumi na kidogo tu, lakini Dar es Salaam hawapimi njia kwa kilomita, wanapima kwa foleni. Weka saa moja na dakika chache. Mama anafika saa 10 na dakika 40 jioni.

Haya, tuhesabu. Kuanzia saa 2 na dakika 40 asubuhi hadi saa 10 na dakika 40 jioni ni saa nane. Katika saa hizo nane, angani amekaa saa moja na dakika 25 tu. Zilizobaki zote amezitumia ardhini, akisafiri kwa gari, akipanga mstari, akikaa kwenye kiti na kungoja.

Je, kwa basi? Tunduma hadi Dar es Salaam ni kilomita 930 hivi. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, pamoja na kusimama kula na kukaguliwa, ni saa 15 na nusu. Njia ikiwa mbaya ni zaidi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo yapo yanayoondoka jioni na kufika asubuhi. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayelala vizuri kwenye kiti, na mwenye mizigo mingi, basi la usiku si chaguo baya. Nauli ya ndege aliyoiokoa inanunua mifuko ya mbolea. Kwa mgonjwa wa moyo, au mama aliyefanyiwa upasuaji, au mzee wa miguu inayovimba, zile saa saba zilizopungua zina thamani kubwa. Hapo ndipo sisi tungeshauri familia ichange.

Umeona jambo? Ndege haipunguzi safari kutoka saa 15 hadi saa 1. Inaipunguza kutoka saa 15 hadi saa 8. Ni nusu. Na mtu wa Kamsamba au wa vijiji vya ndani vya Ileje hana hata hiyo nusu, kwa sababu atalala njiani kabla ya kuiona barabara ya lami. Yeye aanze safari siku moja kabla. Wa Mkwajuni anayeshukia Mbalizi akumbuke kuwa kiwanja kiko nyuma yake, upande wa Tunduma. Apande gari la kurudi huko.

Ukiwa ndani ya gari, mwambie kondakta mapema: "Nishushe kiwanja cha ndege." Usiseme "Songwe" peke yake. Kutoka barabarani hadi jengo la abiria kuna kipande cha kwenda kwa bodaboda au bajaji.

Ukungu na siku ya kufika

Yule mama wa mfano wetu anafika Dar es Salaam jioni. Kliniki yake ikiwa Jumatatu asubuhi, asipande ndege ya Jumatatu. Wala tusingemshauri apande ya Jumapili jioni kama ipo ya Jumamosi. Sababu ni ukungu.

Nyanda zetu ni za baridi na mvua. Wakati wa masika mawingu hushuka, na asubuhi nyingine humwoni jirani ng'ambo ya shamba. Ndege inayokuja kutuchukua Songwe inatoka Dar es Salaam. Rubani anaposhuka kuna kimo fulani ambacho lazima awe ameiona njia ya kutua. Asipoiona, sheria inamtaka apande tena. Huzunguka akingoja wingu lipungue, au hurudi Dar es Salaam, au huenda kiwanja kingine. Abiria walioko Songwe hubaki wakitazama juu wakisikia mlio tu. Watu hukasirika. Wengine humlaumu rubani kuwa ni mwoga. Rubani aliyegeuza ndege amewaokoa waliomo, na wewe utaondoka ndege ya baadaye.

Kwa hiyo safari yenye siku isiyosogezwa, kama vile upasuaji, mtihani, kesi mahakamani, au ndege ya kwenda nje ya nchi, iwekee siku moja au mbili za nyuma. Ya kwenda kumsalimia mjukuu haihitaji hivyo.

Mgonjwa aliyezidiwa, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji karibuni, au mjamzito wa miezi ya mwisho, asifike kiwanjani bila taarifa. Kampuni ya ndege huweza kumdai barua ya daktari, na isipokuwepo humkatalia. Waambieni siku mnayokata tiketi. Kama anahitaji kiti cha magurudumu, semeni siku hiyo hiyo.

Jina la kwenye tiketi lazima lifanane na jina la kwenye kitambulisho. Hapa kisomo chako kina kazi. Kama kitambulisho cha taifa kimeandika majina ya ubatizo na wewe kijijini unaitwa Mama fulani, tiketi ifuate kitambulisho. Uzito wa mzigo unaoruhusiwa umeandikwa kwenye tiketi kwa kilo. Upime nyumbani kwenye mizani ya duka, maana kila kilo inayozidi hulipiwa. Panga, jembe, mtungi wa gesi na mafuta ya taa visiingie kwenye begi la mkononi. Gesi na mafuta ya taa visiingie kwenye begi lolote.

Ndege inapopanda na inapoteremka masikio huziba. Ni ule mgandamizo wa hewa unaobadilika, kama unavyosikia gari linapoteremka Kitonga, ila hapa ni haraka zaidi. Meza mate, au tafuna kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo.

Wakati wa kurudi, hesabu huanzia upande wa pili. Ndege ikiondoka Dar es Salaam 10:30, hiyo ni saa 4 na nusu asubuhi. Uwe kiwanjani saa 2 na nusu. Na kwa kuwa asubuhi magari ya Dar es Salaam hujaa barabarani, toka nyumbani kwa mwenyeji wako saa 12 na nusu, hata kama atakuambia kiwanja ni karibu.